Beit al-Ajaib: Jumba lililopona mizinga ya 1896, likaanguka 2020

Desemba 25, 2020, mnara wa saa na sehemu ya mbele ya jumba la Beit al-Ajaib, pale Forodhani Zanzibar, viliporomoka wakati matengenezo yakiendelea. Watu wawili walipoteza maisha.

Jumba hilo lilijengwa 1883 na Sultani Barghash kwa ajili ya sherehe za kifalme. Baadaye likawa la kwanza Zanzibar kuwekewa umeme, na likawa na lifti pia. Maajabu kweli kwa enzi hizo!

Agosti 27, 1896, manowari za Uingereza zilishambulia eneo la kasri kwa mizinga. Vita viliisha kwa muda usiofika saa moja. Majengo ya jirani yalibomoka, lakini Beit al-Ajaib likabaki limesimama.

Sasa iweje jumba lililopona mizinga lianguke wakati wa amani? Dalili zilikuwepo. Mwaka 2012 sehemu ya roshani yake ilishaanguka.

Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Adui wao mkubwa ni maji. Paa likivuja muda mrefu, maji yanashuka ukutani, chokaa inalegea na boriti zinaoza.

Wengine hukimbilia saruji, wakidhani ndiyo imara zaidi. Kumbe chokaa inaruhusu unyevu kutoka, saruji inaufungia ndani. Ukuta unaonekana mpya kwa nje, huku ndani unaendelea kulika.

Je, majengo haya yanaokoleka? Ndiyo. Dispensari ya Zamani, ile yenye roshani za mbao zilizochongwa karibu na bandari, ilikuwa imechakaa. Ilikarabatiwa miaka ya 1990 na Aga Khan Trust for Culture, na hadi leo ipo.

Mji Mkongwe upo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000, lakini pia ni makazi ya watu. Kama unaishi kwenye nyumba ya aina hii, anza na haya:

- Ziba paa linalovuja kabla ya masika.
- Zibua mifereji ya maji ya mvua.
- Piga lipu ya chokaa, siyo saruji.
- Ukiona ufa unapanuka au dari inabonyea, hama chumba hicho kwanza, kisha ita fundi anayejua kazi ya chokaa.