Kupita Bila Kupingwa: Majimbo ya West Nile katika Uchaguzi wa Uganda wa 1980 na Yaliyofuata

Uchaguzi wa Bunge la Uganda uliofanyika tarehe 10 na 11 Desemba 1980 umeandikwa, kwa sehemu kubwa, kama kisa cha kuhesabu kura. Wanahistoria wamejadili kwa kina nani alihesabu, nani alitangaza na nani alinyamazishwa. Makala hii inatazama hatua iliyotangulia kuhesabu, yaani uteuzi wa wagombea. Inaitazama kutoka West Nile, hasa ukanda wa Koboko, ambako kata ya Kuluba iko mpakani, karibu na mahali Uganda inapokutana na Kongo na nchi ambayo leo ni Sudan Kusini. Hoja inayotetewa ni kwamba sehemu muhimu ya matokeo ya 1980 iliamuliwa katika majimbo ambayo hayakupigiwa kura hata moja, na kwamba msamiati uliotumika kuyaelezea majimbo hayo umesaidia kuyasahaulisha.

Kwa hesabu inayotumika mara nyingi, Uganda People's Congress (UPC) cha Milton Obote kilipata viti 74 kati ya 126, Democratic Party (DP) cha Paul Ssemogerere viti 51, na Uganda Patriotic Movement (UPM) cha Yoweri Museveni kiti kimoja tu, kilichochukuliwa na Crispus Kiyonga huko Kasese. Chama cha nne, Conservative Party, hakikupata kitu. Kwa idadi ya kura, UPC na DP vilikaribia kulingana, kila kimoja kikiwa na takriban asilimia 47. Katika viti 74 vya UPC, 17 vilipatikana bila mshindani, na baadhi ya hivyo vilikuwa vya West Nile.

Hesabu hiyo inastahili kufuatwa polepole. Ukiondoa viti 17, yanabaki majimbo 109 yaliyoshindaniwa, na humo UPC kilipata 57 dhidi ya 51 vya DP. Wingi wa Bunge zima ulihitaji viti 64. Basi hata tukikubali kila tangazo la matokeo kama lilivyotolewa, na wapo wengi wasiokubali, UPC hakikufikia wingi huo kwa kura pekee. Kilivushwa na viti ambavyo havikupigiwa kura. Lakini haki inadai upande wa pili nao usemwe. Kwa kuwa majimbo 17 hayakutoa kura, jumla ya UPC kitaifa ilipungua, na ule usawa wa asilimia 47 kwa 47 hauwezi kutumiwa ovyo kama ushahidi kwamba nchi iligawanyika katikati. Aidha, baadhi ya majimbo hayo yangekiendea UPC kwa vyovyote vile. West Nile haikuwa miongoni mwa majimbo ya kukadiriwa kirahisi hivyo. DP kilikuwa na mizizi katika jamii za Kikatoliki zilizolelewa na misheni za Wakomboni, na UPC kilikuwa na wafuasi wake tangu enzi ya uhuru. Ushindani ungekuwapo.

Kwa nini haukuwapo? Jibu linaanzia 1979. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili mwaka huo, na mwanzoni mwa Juni majeshi ya Tanzania yalikuwa yamefika mpaka wa Sudan, yakipita katika eneo lililohesabiwa kuwa nyumbani kwa Idi Amin. Wakazi wengi walikuwa wamekwisha kuvuka mpaka kwa kuogopa kisasi. Kisasi kile hakikuja wakati huo. Nidhamu ya askari wa Tanzania ingali inasimuliwa kwa heri katika mkoa huo, na wengi wa waliokimbia walirejea. Huko Kampala serikali ya Yusuf Lule ilidumu kwa miezi miwili tu, ya Godfrey Binaisa ikaangushwa Mei 1980, na madaraka yakawa mikononi mwa Tume ya Kijeshi iliyoongozwa na Paulo Muwanga, Museveni akiwa makamu wake. Ni Tume hiyo iliyosimamia maandalizi ya uchaguzi, na ni hiyo iliyoshikilia kwamba kila chama kiwe na sanduku lake la kura, licha ya DP kudai sanduku moja.

Kisha ikaja Oktoba. Askari wa zamani wa Amin walivuka kutoka Sudan na Zaire, wakashambulia Koboko na kuingia Arua. Jeshi jipya la Uganda, UNLA, lilirudi pamoja na wanamgambo, wengi wao kutoka Acholi na Lango, na safari hii kisasi kilichoogopewa mwaka uliotangulia kilifika. Miji iliporwa na kuchomwa moto, raia wakauawa, na maelfu kwa maelfu wakakimbilia nje ya nchi. Wa upande wa Koboko hawakuwa na safari ndefu: kutoka Kuluba mpaka uko karibu, na ng'ambo wako ndugu. Wakakwa wanaishi katika nchi zote tatu, na walioingia Sudan walikuta Kiarabu cha Juba ambacho msemaji wa Kinubi hukielewa bila mwalimu. Walioingia Zaire walikuta Kibangala, na Kiswahili cha Kongo kilichokuwa kikisikika masokoni.

Katika hali hiyo ndipo wagombea walipotakiwa kuteuliwa. Mgombea wa upinzani alihitaji kufika katika kituo cha uteuzi, katika mji ulioshikwa na jeshi, akiwa na wadhamini ambao ama walikuwa mafichoni ama walikuwa Sudan. Hapakuwa na haja ya kughushi chochote. Kalenda ya uchaguzi ilipoachwa iende kama kawaida katikati ya vita, viti vilijijaza vyenyewe.

Hapa lugha inastahili kuangaliwa. Kiswahili cha siasa kina usemi uliokomaa kwa hali hii: mgombea "amepita bila kupingwa". Kauli ya kutendwa kwa kawaida huturuhusu kutomtaja mtenda. Katika usemi huu inafanya zaidi ya hapo: inatuondolea swali kama mtenda alikuwapo, na kama alikuwa na nafasi ya kutenda. Msikilizaji anabaki na taswira ya mtu aliyekubaliwa na wote. Mgombea ambaye jimbo zima limeridhika naye na mgombea ambaye jimbo lake limekimbia wanaingia Bungeni kwa kitenzi kimoja. Kwa washauri wa sera wanaoandika taarifa za uchaguzi katika kanda hii, tofauti hiyo si ya mapambo. Ingefaa taarifa ieleze, katika kila jimbo lisilo na ushindani, kama kituo cha uteuzi kilifikika.

Waangalizi wa Jumuiya ya Madola, wakiongozwa na Ebenezer Moses Debrah wa Ghana, waliziona kasoro za uteuzi na kuziandika. Hata hivyo hitimisho lao lilikuwa kwamba uchaguzi kwa jumla ulikubalika. Macho ya wengi yalikuwa Kampala, ambako tarehe 11 Desemba wafuasi wa DP walikuwa wamekwisha kuanza kushangilia Muwanga alipotoa tangazo kwamba hakuna mtu mwingine ila yeye aliyeruhusiwa kutangaza matokeo, na atakayekiuka atakabiliwa na faini na kifungo. Tangazo hilo ndilo lililobaki katika kumbukumbu ya taifa, na kwa sababu nzuri. Tarehe 15 Desemba Obote aliapishwa.

DP, baada ya mjadala mkali, kiliamua kuingia Bungeni kama upinzani rasmi. Museveni aliamua vingine: tarehe 6 Februari 1981 kundi lake lilishambulia kambi ya Kabamba, na vita vya Luwero vikaanza. Vita hivyo huelezwa kama tunda la uchaguzi ulioibwa. West Nile haimo sana katika masimulizi hayo, kwa kuwa vita vyake vilikuwa vimeanza kabla ya kura, na waliopigana, kama kundi la UNRF la Moses Ali, walihesabiwa kuwa mabaki ya Amin. Majeshi ya Tanzania yalipokuwa yakikamilisha kuondoka katikati ya 1981, raia walizidi kukosa kinga. Tarehe 24 Juni 1981 askari wa UNLA waliwaua watu waliokuwa wamekimbilia misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, karibu na Arua. Mwaka 1982 wimbi jingine kubwa la wakimbizi liliingia kusini mwa Sudan, ambako Barbara Harrell-Bond alifanya utafiti uliozaa kitabu chake cha 1986 kuhusu misaada kwa wakimbizi.

Wakati huo wote viti vya West Nile havikuwa wazi. Wabunge waliopita bila kupingwa waliendelea kukaa Kampala kwa niaba ya majimbo ambayo, hasa Koboko na Aringa, sehemu kubwa ya wapiga kura wake ilikuwa ikiishi katika makazi ya wakimbizi kuzunguka Yei na vijijini Zaire. Hali hiyo ilidumu hadi tarehe 27 Julai 1985, jeshi lilipompindua Obote. Wengi wa waliokuwa Sudan walirejea kuanzia 1986, wakisukumwa na vita vya huko zaidi kuliko kuvutwa na amani ya kwao, na walipovuka tena mpaka kuingia Koboko, Bunge lile lililowawakilisha lilikuwa limekwisha kuvunjwa.