Pua Nyekundu ya Chicago, Twiga wa Msasani

Mwaka 1939 kampuni ya maduka ya Montgomery Ward, yenye makao Chicago, Marekani, iligawa bure vijitabu milioni 2.4 kwa watoto waliofuatana na wazazi wao kununua vitu vya Krismasi. Kilikuwa kijitabu chepesi cha kurasa 32, chenye jalada laini, kikisimulia kwa mashairi habari za Rudolph, kulungu wa nchi za theluji aliyechekwa na wenzake kwa kuwa pua yake ilikuwa nyekundu na inawaka. Nakala milioni mbili na ushee si haba. Hata hivyo anayetafuta leo nakala safi ya toleo lile la kwanza atahangaika kweli kweli, maana vijitabu vilikwenda vilikokusudiwa, mikononi mwa watoto, na mtoto akikipenda kitabu hakiachi na jalada lake. Nashuku nyingi ya nakala zilizosalia nzima ziliangukia kwa watoto ambao hazikuwapendeza.

Huku kwetu Temeke, Dar es Salaam, wimbo wa kulungu huyo unajulikana kuliko kitabu. Ikifika Desemba, kuanzia Mtoni kwa Azizi Ali hadi Mtongani, utausikia ukitoka kwenye spika za maduka ya simu na saluni za kinyozi, umechanganywa na kwaya na singeli, na watoto wanaupokea kwa maneno waliyojitungia wenyewe. Mtaani wengi ni Waislamu, lakini sahani ya pilau ya sikukuu huvuka uchochoro bila kuuliza dini, na wimbo nao huvuka hivyo hivyo. Kitabu hakikuvuka.

Aliyekiandika ni Robert L. May, mwajiriwa wa kawaida wa Montgomery Ward ambaye kazi yake ilikuwa kutunga maneno ya matangazo. Kampuni ilikuwa na desturi ya kununua vitabu vya kupaka rangi na kuvigawa wakati wa sikukuu. Mwaka ule wakubwa wakaona ni nafuu watengeneze cha kwao. Kazi ikamwangukia May katika kipindi kibaya cha maisha yake: mkewe Evelyn alikuwa mgonjwa wa saratani, akafariki Julai mwaka huo huo wa 1939, akimwachia binti mdogo, Barbara. May akaendelea kuandika. Mabosi hawakuipenda pua nyekundu, kwa sababu kwao pua ya namna hiyo ni ya mlevi. May akamchukua mchoraji Denver Gillen hadi bustani ya wanyama ya Lincoln Park wakamtazame kulungu wa kweli, na michoro ya Gillen ndiyo iliyowalainisha.

Lakini kitabu hakikuwa cha May. Alikiandika akiwa kazini, analipwa mshahara, kwa hiyo kilikuwa mali ya mwajiri. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, kampuni ikakitoa upya mwaka 1946 na kugawa mamilioni mengine ya nakala. Kisha mwaka 1947 likatokea jambo ambalo hadi leo linawashangaza wafuatiliaji wa biashara ya vitabu: Montgomery Ward ikampa May haki zote za kazi yake, bure. Mwaka 1948 ikatoka filamu fupi ya katuni iliyoongozwa na Max Fleischer. Mwaka 1949 shemeji yake May, Johnny Marks, akatunga wimbo, Gene Autry akauimba. Desemba 1964 ikafuata filamu ya vikaragosi ya kampuni ya Rankin/Bass iliyorushwa na televisheni ya NBC. Vikaragosi vile, ambavyo Wamarekani wanavihesabu kuwa sehemu ya Krismasi yao, vilichezeshwa na kupigwa picha Japani, kwenye studio ya Tadahito Mochinaga, Tokyo. Mwenye hadithi yuko Chicago, mikono inayofanya kazi iko bara jingine. Mpango huo tutakutana nao tena, safari hii karibu na nyumbani.

Waingereza nao wana chao. Raymond Briggs alitoa mwaka 1978 kitabu cha mtu wa theluji kisicho na neno hata moja ndani, picha tupu, na mwaka 1982 Channel 4 ikakionyesha kama katuni. Wakati huo mtoto wa Temeke asingeweza kuiona hata angetaka. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya sabini, sisi wa Bara tukasubiri hadi 1994. Kabla ya hapo palikuwa na deki na vibanda vya video, na baadaye wakaja watafsiri wa mdomo kama Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, waliokuwa wakizungumza juu ya filamu ya Mzungu au Mchina hadi ikageuka hadithi ya Uswahilini. Katuni za Krismasi zilitufikia zimechelewa, na vitabu vyake zaidi, ndani ya marobota ya misaada na mitumba, mara nyingi kurasa tatu za mwisho hazimo.

Ila kipo kisa chetu. Krismasi haimo ndani yake, lakini kitabu cha watoto kimo, katuni imo, na kilianzia ng'ambo ya pili ya jiji hili hili, Msasani, Kinondoni.

Edward Said Tingatinga alizaliwa Tunduru mnamo 1932. Alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kisha akaja Dar es Salaam, akakaa Msasani, akawa mtumishi wa nyumbani na mtunza bustani kwa Mzungu. Aliwahi pia kufanya kazi Hospitali ya Muhimbili. Alianza kuchora mwaka 1968, akiwa mtu mzima mwenye familia, na vifaa vyake vilikuwa vile ambavyo fundi yeyote wa mtaani angevipata: vipande vya mraba vya hadibodi, zile zinazopigwa kwenye dari, na rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Alichora wanyama na ndege, akaziuza picha hizo Morogoro Stores, Oysterbay, walikokuja kununua mahitaji yao Wazungu wa mashirika na ubalozi.

Rangi ile ndiyo iliyozaa mtindo. Ni nzito, inang'aa, na haichanganyiki kwa upole kama rangi za wasanii wa shule. Unapaka kwanza ubao mzima rangi moja, unauacha ukauke, ndipo unamweka mnyama juu yake, kisha madoa juu ya mnyama, kila tabaka likisubiri jingine likauke. Hakuna kivuli. Hakuna umbali wa karibu na mbali. Chui anasimama ubavu, macho yote mawili yanakutazama, mkia umepinda pale palipobaki nafasi. Wataalamu wa sanaa waliwahi kuuita uchoraji wa kitoto, wengine wakimaanisha sifa na wengine kejeli. Kwa kazi ya katuni, ubapa ule ulikuja kuwa hazina.

Mwaka 1971 picha zake zilioneshwa kwenye maonyesho ya Sabasaba, huko Barabara ya Kilwa, umbali mfupi tu kutoka Mtoni. Mwaka uliofuata akafa. Polisi walimpiga risasi usiku wakidhani ni mhalifu. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu. Waliobaki ni vijana aliowafundisha, wengi wao ndugu na watu wa kusini kama yeye: January Linda, Adeusi, Kasper Tedo, Abdallah Ajaba, Simon Mpata. Mpata alihamia Nairobi na kupata wapenzi hadi Japani. Wengine waliendelea chini ya mti pale pale Morogoro Stores, na mwaka 1990 wakajiandikisha kama chama cha ushirika. Jina la marehemu likageuka kuwa jina la kazi yenyewe. Leo kijana anakwambia "nachora tingatinga" kama anavyosema mwenzake "nashona suti", na mtalii anayenunua hajui kwamba huyo alikuwa mtu mwenye baba na mama.

Claudia Lloyd, mtayarishaji wa katuni wa kampuni ya Tiger Aspect ya Uingereza, alikutana na picha hizi katika safari zake za Afrika. Matokeo yake ni mfululizo wa Tinga Tinga Tales, vipindi 52 vya dakika 11 kila kimoja, ulioagizwa na BBC kwa chaneli yake ya watoto ya CBeebies pamoja na Disney, ukaanza kurushwa Uingereza mwaka 2010. Katuni yenyewe ilitengenezwa Nairobi, kwenye studio ya Homeboyz, na kundi la watu wapatao 50 wa Afrika Mashariki: wachoraji, wahuishaji, waandishi, wanamuziki. Nyimbo ni za Eric Wainaina. Sauti nyingi za wanyama ziliwekwa na waigizaji wa Uingereza, Lenny Henry akiwa mmoja wao.

Hapo ndipo ubapa wa rangi ya baiskeli ulipolipa. Mnyama asiye na kivuli, aliyesimama ubavu, anaweza kugawanywa shingo peke yake, miguu peke yake, mkia peke yake, halafu kompyuta ikavisogeza viungo hivyo bila picha kuharibika. Madoa hayahitaji kubadilika kwa kila mwanga. Mchoro wa mtindo wa Ulaya, wenye vivuli na mikunjo, ungedai kazi mara nyingi zaidi. Mtunza bustani wa Msasani alikuwa ametatua tatizo la wahuishaji wa Nairobi miaka arobaini kabla hawajalipata.

Kila kipindi kilijibu swali la kwa nini. Kwa nini tembo ana mkonga, kwa nini simba hunguruma, kwa nini nyoka hana miguu. Mwanafunzi wa sekondari atazitambua mara moja: ni ngano za usuli, zile anazoulizwa kwenye mtihani wa fasihi simulizi. Kampuni ya Puffin ikazitoa zile zile kama vitabu vya picha, vyembamba, rangi tele, jina Tinga Tinga likiwa juu ya jalada. Kwa Kiingereza. Maudhui yake si Krismasi, ila ni vitabu vya kuingia kwenye soksi la Krismasi la mtoto wa London, sambamba na mwanasesere wa tembo. Ndivyo biashara ya kitabu kinachofuata katuni inavyokwenda: filamu inamfanya mtoto ampende mnyama, kitabu kinamruhusu mzazi amnunulie.

Nimewahi kuviona viwili katika meza ya vitabu vya mitumba mjini, vimebanwa kati ya kamusi na Biblia. Nilipovifungua kilichonikera ni lugha, wala si bei. Ngano ambayo bibi wa Mbagala angeianza kwa "Paukwa" na kuimaliza kabla wali haujaiva, imesafiri Nairobi, ikaenda London, ikarudi Dar es Salaam, na ili mjukuu wake aielewe inabidi awe amesoma shule ya Kiingereza.

Kuna watakaosema tuliibiwa. Mimi siendi huko moja kwa moja. Hakimiliki hulinda picha fulani iliyochorwa, haifungi mtindo. Na ngano ya kwa nini nyoka hana miguu haina mtunzi mmoja wa kumlipa. Wakenya waliofanya kazi ile walipata ujuzi wa mradi mkubwa, na jina la Tingatinga likafika majumbani ambako lisingefika kwa picha za Oysterbay. Kinachouma ni tofauti ya bahati. May aliishi kuona mwajiri wake anamrudishia haki, akalea watoto wake kwa pua ile nyekundu. Tingatinga alikufa kabla nchi haijawa na sheria ya kumsaidia kwa dhati. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999, miaka 27 baada ya risasi ile.

Tangu hapo Dar es Salaam imepata katuni yake inayozungumza Kiswahili tangu mwanzo. Ubongo, shirika lililoanzishwa hapa mwaka 2013, lilianza kurusha Ubongo Kids kupitia TBC mwaka 2014, na baadaye likamleta Akili, binti mdogo wa chini ya Mlima Kilimanjaro. Mtoto wa Mtoni anamjua Akili kuliko anavyomjua kulungu yeyote. Upande wa vitabu ndiko tunakochechemea. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, ulijenga utaratibu ambao mchapishaji alichapa nakala 5,000, mradi ukanunua 3,000 za kupeleka shuleni, naye akabaki na 2,000 za kuuza mwenyewe. Utaratibu huo uliokoa waandishi wengi. Lakini linganisha 5,000 na milioni 2.4. Kitabu chetu cha watoto huzaliwa kikiwa tayari adimu, na baada ya mihula michache darasani hata maktaba itakitafuta.

Sheria ile ya 1999 inailinda kazi kwa miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Kwa Tingatinga, miaka hiyo ilitimia 2022. Chui wake, twiga wake na ndege wake wa rangi ya baiskeli sasa wanaweza kuchapwa hapa nchini, na mchapishaji wa Dar es Salaam akitaka kuwaweka kwenye kitabu cha Kiswahili cha sikukuu, pamoja na zizi la Bethlehemu na ng'ombe mwenye madoa, hana wa kumwomba kibali cha picha. Atakachohitaji ni mwandishi, karatasi, na mtu wa kumkumbusha kwamba kwenye jalada, chini ya twiga, liandikwe jina kamili: Edward Said Tingatinga.