Thamani ya Sahani za Santuri

Mzee anapofariki na kuacha sanduku la sahani za santuri, warithi aghalabu hugawanyika. Wapo wanaotaka kulitupa, na wapo waliosikia kwamba huko Ulaya sahani moja hununuliwa kwa fedha za kununulia gari. Kisha hufika mnunuzi, akataja bei ya sanduku zima, na wote wakaridhika. Je, wamepunjwa? Ili kujibu swali hilo hatuna budi kurudi nyuma kidogo.

Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi nyimbo zao kwa ajili ya kampuni ya Gramophone, ile yenye alama ya mbwa anayesikiliza santuri. Sahani hizo zilizunguka mara 78 kwa dakika. Zilitengenezwa kwa shelaki, utomvu utokanao na wadudu, na sindano ya chuma ilizikwangua kila zilipopigwa. Ziliuzwa sana pwani yote. Lakini sahani ya shelaki ikianguka sakafuni imekwisha, na hivyo zilizonunuliwa kwa wingi zamani leo ni za kutafutwa kwa tochi.

Sahani za plastiki ya vinili zilikuja baadaye: ile kubwa ya kampuni ya Columbia ya Marekani mwaka 1948, na ndogo ya mizunguko 45 ya RCA Victor mwaka 1949. Hizi hazivunjiki ovyo, na hapo hesabu ikabadilika. Chukua wimbo wa "Malaika". Harry Belafonte na Miriam Makeba waliutia katika sahani yao ya mwaka 1965, na Boney M. wakautoa mwaka 1981. Sahani hizo zilichapwa kwa wingi mno, na anayeziuza asitarajie utajiri. Ile ya Fadhili William yenye nembo ya Equator ya Nairobi ni habari nyingine kabisa. Ndiyo maana mnunuzi mzoefu hatazami jina la wimbo tu. Hutazama nembo, namba, na maandishi madogo yaliyochongwa karibu na kitovu cha sahani, yanayomwonyesha imetokana na uchapaji upi.

Halafu hutazama hali yake, na hapa ndipo sahani zetu nyingi huanguka. Wimbo mrefu wa dansi ulikatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza upande huu na ya pili upande ule. Kila ulipopigwa baa, mtu aliigeuza sahani katikati ya starehe, na vidole vyenye mafuta ya nyama choma. Wafanyabiashara wengi wa sahani hutumia madaraja yaliyoenezwa na gazeti la Goldmine la Marekani. Jihadhari na lugha yao, kwani sahani wanayoiita "nzuri" ni ile iliyochakaa na kukwaruza masikio!

Bei je? Mwaka 2015 sahani ya Beatles yenye namba 0000001, iliyokuwa mali ya Ringo Starr mwenyewe, iliuzwa mnadani kwa dola 790,000. Habari hiyo iliwapa tamaa watu wengi wenye sahani hiyo hiyo, iliyouzwa kwa mamilioni. Wamesahau kwamba mnunuzi alilipia namba na mwenyewe. Vivyo hivyo, bei anayoitaja muuzaji ni matumaini yake tu. Bei ya kweli ni ile iliyokwisha kulipwa, kwa uchapaji ule ule na hali ile ile. Siku hizi mtandao wa Discogs, ulioanza mwaka 2000, huonyesha mauzo yaliyopita: ya chini, ya kati na ya juu. Itazame ile ya kati. Ya juu huenda ililipwa na mtu mmoja mwenye wazimu wa nakala hiyo, naye keshaipata.

Basi turudi kwa mnunuzi wa sanduku zima. Mara nyingi humo anazitaka sahani tatu au nne tu, na pengine si zile alizozipenda marehemu, bali zilizododa dukani kwa sababu hakuna aliyezicheza. Mwambieni achague moja moja, ataje bei ya kila moja, nanyi mziandike majina na namba zake kabla hajaondoka nazo.