Mashahidi wa Jembe

Nyanya yangu aliachwa mwaka wa 1984, chini ya mwembe, hapa hapa Tezo. Kikao kilichukua asubuhi moja. Wazee waliuliza maswali matatu: mahari ililipwa kiasi gani, nani alishuhudia, na nani atairudisha. Mbuzi wakahesabiwa. Mitungi ya mnazi iliyonywewa siku ya posa nayo ikahesabiwa, maana wawili kati ya waliokunywa walikuwa bado hai na walikumbuka vizuri. Ndugu zake wakakubali kurudisha. Kufikia adhuhuri Hawe, ndivyo sisi Wagiriama tunavyomwita nyanya, alikuwa ashatoka na leso mbili, sufuria moja na mtoto mchanga mgongoni. Baba yangu, aliyekuwa na miaka saba, alibaki upande wa mahari.

Shamba halikutajwa. Lilikuwa shamba la skimu ya makazi ya Tezo-Roka, na karatasi ilikuwa na jina moja, la babu. Mikorosho alipanda Hawe, shimo kwa shimo. Alipalilia, akaokota, akabeba magunia hadi barabarani korosho zilipokuwa na soko. Lakini hakuna aliyeuliza habari ya jembe.

Kwa miaka mingi niliamini wale wazee walikuwa watu wabaya. Siku hizi naona walifanya kazi yao sawasawa. Shida ilikuwa maswali.

Mwanaanthropolojia David Parkin alichapisha mwaka wa 1972 kitabu kuhusu Wagiriama wa upande wa Kaloleni, na katika jina lake aliweka vitu vitatu: minazi, tembo na mashahidi. Mtu akiuza minazi au akioa, tembo hunywewa mbele ya watu ili watu hao wakumbuke. Mahali pasipo na faili, kumbukumbu ya mzee aliyekunywa ndiyo faili. Ni mfumo wenye akili. Ila fikiria unachoshuhudia: kilichotolewa kwa ajili ya mwanamke. Alichokifanya mwanamke huyo kwa miaka 15 baadaye hakina siku ya sherehe, wala hakuna anayekunywa ili akikumbuke.

Usidhani mzungu alikuja na maswali bora. Mwaka wa 1917, katika kesi ya Amkeyo, Jaji Mkuu Hamilton aliamua kwamba mke wa kimila anaweza kutoa ushahidi dhidi ya mumewe, kinga ya mke na mume haimhusu. Kwa nini? Kwa sababu, kwa maoni yake, ile haikuwa ndoa hasa, ilikuwa ununuzi wa mke. Yaani mwanamke wa Kiafrika alikubaliwa kuwa shahidi kwa sababu tu alihesabiwa si mke. Jaji naye, kama wale wazee, aliangalia mahari akaishia hapo.

Nayasimulia haya kwa sababu mwaka jana nilimsindikiza shangazi kwa wakili wa talaka mjini Kilifi. Shangazi ndiye yule mtoto wa mgongoni. Naye sasa ana ndoa iliyokwisha, vyumba vitatu vya kupangisha karibu na stegi ya Tezo, na karatasi yenye jina la mume peke yake. Kabla hatujapanda matatu nilikuwa na picha yangu ya wakili wa talaka: mtu mkali, suti, anayefukua aibu za watu. Nilirudi nyumbani nikaanza kusoma, na nilichokuta ni kwamba kazi yao nchini Kenya, kwa nusu karne, imekuwa kubishania neno moja: mchango.

Neno hilo lina safari. Mwaka wa 1971, katika kesi inayojulikana kama I dhidi ya I, Jaji Trevelyan aliamua kwamba sheria ya Uingereza ya 1882 kuhusu mali ya wanawake walioolewa inatumika Kenya. Hapo mke akapata mlango wa kuingia mahakamani kudai chake. Lakini mlango ulikuwa mwembamba: thibitisha umechangia. Mwenye hati ya mshahara alipita. Wa jembe je? Katika kesi ya Kivuitu, mwaka wa 1991, Mahakama ya Rufaa ilikubali kwamba kazi ya nyumbani na ulezi pia ni mchango, hata kama hauna risiti. Halafu mwaka wa 2007 upepo ukageuka. Kesi ya Echaria ilihusu shamba la ekari 118 kule Tigoni. Majaji watano wa Rufaa wakasema kuwa mke tu hakumpi mtu fungu. Nusu aliyokuwa amepewa na Mahakama Kuu ikashuka kuwa robo.

Kumbuka Uingereza yenyewe ilishabadilisha njia yake ya kugawa mali ya wanandoa tangu miaka ya 1970. Sisi tulikuwa bado tunavaa koti lao la 1882.

Katika miaka hiyo ndipo jina la Judy Thongori lilipojulikana. Alifanya kazi FIDA Kenya, shirika la mawakili wanawake lililoanzishwa 1985, mwaka ambao Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake. Kisha akafungua ofisi yake na kujikita katika sheria ya familia. Alikuwepo kazini Echaria ilipoamuliwa, Katiba ilipopitishwa 2010 ikitamka katika Kifungu cha 45 kwamba mume na mke wana haki sawa wakati wa kuoana, wakiwa ndani ya ndoa na inapovunjika, na Sheria ya Mali ya Ndoa ilipokuja 2013. Alifariki Januari 2020 akiwa kwenye matibabu India. Ukitaka kujua wakili wa familia hufanya nini kwa maisha yake yote, angalia miaka hiyo: anashindwa na sheria, anapigania sheria nyingine, halafu Jumatatu anarudi kortini na mteja yule yule anayelia.

Sheria ya 2013 niliisoma kwa simu, ndani ya matatu, nikarudia mstari mmoja mara tatu. Inaorodhesha mchango usio wa pesa: kazi za nyumbani, kulea watoto, kuwa mwenzi, kusimamia biashara au mali ya familia, na kazi ya shamba. Kazi ya shamba! Imeandikwa, na Bunge likapitisha. Hawe amechelewa miaka 29.

Lakini sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 7, inasema mali hugawanywa kulingana na mchango wa kila mmoja. FIDA ilikwenda mahakamani kukipinga ikitaka usawa wa nusu kwa nusu. Mwaka wa 2018 Jaji Mativo akaitupilia mbali. Januari 2023 Mahakama ya Juu ikafunga mjadala, katika kesi ya wanandoa wanaotajwa kwa herufi tu, JOO na MBO. Mke alipata nusu, kwa sababu mchango wake ulionekana. Hata hivyo majaji walisema wazi kwamba nusu si zawadi ya kila ndoa: usawa wa Katiba haumaanishi kugawa sawa bila ushahidi.

Kwa hivyo tumerudi kwa mashahidi.

Majirani zetu Waislamu wana njia yao. Mahakama za Kadhi zinatambuliwa na Kifungu cha 170 cha Katiba, na sheria ya mali ya ndoa inamruhusu Mwislamu kufuata sheria ya Kiislamu. Mtafiti Susan Hirsch, katika kitabu cha 1998 kuhusu mahakama za Kadhi za pwani, Malindi zikiwemo, alionyesha kwamba waliopeleka kesi wengi walikuwa wanawake, na wengi walishinda. Wanawake wale wale waliofundwa kuvumilia na kunyamaza walisimama wakaeleza maisha yao mbele ya Kadhi. Maelezo yao ndiyo yalikuwa jembe lao.

Sasa turudi kwa wakili wetu wa Kilifi. Ni mama wa makamo, ameifanya kazi hii zaidi ya miaka 20, na hakutaka jina lake hapa. Shangazi alianza na visa vya mume: yule mwanamke wa Mtwapa, zile usiku za kulala nje. Wakili alimsikiliza kwa heshima, kisha akamkatiza.

"Pole, mama. Hayo nimeyaandika. Sasa niambie, unga wa mahamri ulikuwa ukinunua wapi?"

Shangazi akanitazama kana kwamba tumekosea ofisi.

Wakili akaendelea. Duka gani? Mwenye duka yuko hai? Alikuwa na daftari la deni? Simiti ya vyumba ililipwa na nani? Kwa mkono au M-Pesa? Fundi ni nani, na nani alikuwa akimpikia? Mvua ya kwanza ikinyesha, nani alitangulia shambani? Majirani wa kulia na kushoto wanaitwa nani?

Tulikaa saa mbili. Tulipotoka shangazi alikuwa na orodha ya kurasa mbili: taarifa za M-Pesa za miaka yote, daftari la Mpemba wa dukani, fundi anayeishi Roka sasa, na majirani wanne. Alikuwa amechoka, lakini alitembea tofauti. Aliniambia, "Miaka 18 hakuna mtu ashawahi kuniuliza nilikuwa nafanya nini."

Kesi haijaisha. Imeahirishwa mara mbili, nauli inauma, na kuna watu kwenye ukoo wanaosema tumeichafua familia kwa kuipeleka kortini badala ya kuimaliza kwa wazee. Sijui tutapata nini. Najua kwamba wazee wa leo, tukiwapelekea ile orodha, wangeweza pia kuuliza maswali hayo. Hakuna mila inayowakataza kumwita jirani aeleze nani alipalilia.

Jioni ile tulipita kwa Hawe. Shangazi akamsomea orodha yote kwa Kigiriama, pole pole. Hawe alisikiliza akimenya muhogo. Alipofika kwenye swali la mvua ya kwanza, Hawe aliweka kisu chini.

"Huyo wakili anauliza nani alilima?"

"Ndiyo, mama."

Akanyamaza. Halafu akaanza kuhesabu kwa vidole, si shamba la shangazi, lile lake la zamani. Mikorosho ya upande wa barabara, 12. Ya karibu na kisima, 7. Miembe miwili. Akaendelea hadi giza likaingia, na mimi nikatoa simu nikaandika.

Tarehe ya kesi ni mwezi ujao. Hawe ameomba tumpeleke. Amesema yeye ni shahidi, jembe la shangazi aliliona kwa macho yake, na ameuliza kama kortini huwa wanaruhusu mtu kuingia na leso.