Ukuta Mnene Badala ya Tanuri: Asili ya Nyumba Zinazookoa Nishati

Nyumba ya kisasa inayotumia nishati kidogo ni zao la msukosuko wa mafuta wa mwaka 1973, pale nchi za Kiarabu zilipoacha kuiuzia mafuta Marekani na baadhi ya washirika wake, na bei ya pipa ikapanda karibu mara nne kwa muda wa miezi michache. Katika nchi za kaskazini, ambako mtu hawezi kuishi majira ya baridi bila kupasha nyumba yake joto, wengi walilikimbilia jua. Nyumba ya majaribio iliyojengwa mwaka 1975 huko Lyngby, Denmark, chini ya uongozi wa Vagn Korsgaard, ilikuwa na kuta zilizojazwa kihami joto, yaani nyenzo inayozuia joto kupenya, lakini ilitegemea pia mitambo ya kunasa joto la jua pamoja na tangi kubwa la maji la kulihifadhi.

Fikra zilibadilika zaidi Regina, mji mkuu wa jimbo la Saskatchewan nchini Kanada, ambako kipimajoto huweza kushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri na zaidi. Serikali ya jimbo ilitaka isanifiwe nyumba ya jua inayofaa mazingira hayo, na wataalamu waliopewa kazi hiyo, akiwamo mhandisi Harold Orr, walipopiga hesabu waliona kwamba mchana mfupi wa Disemba usingetosha kuipasha joto nyumba ya kawaida, na kwamba kulizuia joto lisitoke kungegharimu kidogo kuliko kulitafuta. Uamuzi huo, ambao leo unaonekana wa kawaida, ulihitaji ujasiri, kwa sababu watu walitarajia kuoneshwa mitambo, nao wakaoneshwa ukuta.

Nyumba hiyo, iliyokamilika mwaka 1977, ilikuwa ya ghorofa mbili na umbo lililokaribia mchemraba, na umbo hilo lilikuwa na sababu yake. Nyumba ya mchemraba yenye mita 6 kila upande, ikigawanywa sakafu mbili, hutoa mita za mraba 72 za kuishi, huku eneo lake la nje, ukihesabu kuta, paa na sakafu ya chini, likiwa mita za mraba 216. Nafasi ileile ikitandazwa katika sakafu moja yenye urefu wa mita 12, upana wa mita 6 na kimo cha mita 3, eneo la nje huwa mita za mraba 252, na kila mita inayoongezeka ni mlango mwingine wa joto kutokea. Kuta za nyumba ya Regina zilikuwa na unene wa takriban sentimita 30, na ndani yake ilitandazwa karatasi ya plastiki ili hewa isipenye kwenye nyufa. Kwa kuwa nyumba iliyozibwa hivyo huhitaji hewa safi, kilifungwa kibadilisha joto, kifaa ambacho hupitisha hewa chafu inayotoka kando ya hewa baridi inayoingia, bila kuzichanganya, ili ya kwanza iiachie ya pili joto lake. Tanuri la kupasha nyumba joto halikuwekwa kabisa. Mitambo ya jua iliwekwa, lakini ilisumbua katika matengenezo na baadaye ikaondolewa. Kuta zikaendelea na kazi yake.

Kanada ilianzisha mwaka 1982 mpango wa R-2000 uliofuata kanuni hizo, lakini ulikuwa wa hiari, na wajenzi wengi waliendelea na desturi yao. Waliolishika wazo kwa dhati walikuwa ng'ambo ya bahari: mwanafizikia Mjerumani Wolfgang Feist na Bo Adamson wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, ambao mazungumzo yao ya mwaka 1988 yalizaa nyumba nne zilizoungana katika mtaa wa Kranichstein, Darmstadt, zikahamiwa na familia mwaka 1991. Nyumba kushirikiana ukuta na jirani ni njia nyingine ya kupunguza eneo la nje, na ni njia rahisi kuliko zote. Kutokana na vipimo vilivyochukuliwa humo ndipo ilipoenea kanuni iitwayo Passivhaus, inayotaka upashaji joto usizidi kilowati-saa 15 kwa kila mita ya mraba kwa mwaka, na kuanzia mwaka 2015 jimbo la Brussels likaweka masharti yaliyotokana na kanuni hiyo kwa majengo mapya.

Sifa za kazi hii hupewa Darmstadt mara nyingi mno, ilhali Regina ilitangulia kwa miaka 14. Feist mwenyewe hakulificha deni hilo, na mwaka 2015 taasisi aliyoianzisha ikaitunuku nyumba ya Regina tuzo yake ya waasisi.