Kompyuta za Nyumbani na Ulinzi wa Kumbukumbu

Katika historia ya kompyuta, swali moja limezuka mara kwa mara: je, mfumo wa uendeshaji wa mashine ya nyumbani wahitaji kifaa maalumu cha kusimamia kumbukumbu? Kifaa hicho hugeuza kila anwani inayotajwa na programu iwe anwani halisi, na huizuia programu isiguse sehemu iliyotengewa nyingine.

Wazo lenyewe ni la zamani. Kompyuta ya Atlas, iliyozinduliwa katika Chuo Kikuu cha Manchester mwaka 1962, ilikuwa tayari na kifaa cha namna hiyo. Hata hivyo, Macintosh ya mwaka 1984 na Amiga ya mwaka 1985 ziliuzwa bila hicho. Zote mbili zilitumia prosesa ya Motorola 68000. Ya kwanza ilikuwa na kilobaiti 128 za kumbukumbu, ya pili 256. Wabunifu wake walilijua wazo hilo, ila gharama iliwabana.

Mfano wa Amiga wafaa kuchunguzwa zaidi. Mashine hiyo iliendesha programu kadhaa kwa wakati mmoja, tena kwa wepesi. Programu ilipoipelekea nyingine ujumbe, haikuunakili; ilitoa tu anwani ya mahali ulipo. Ilikuwa kama nyumba isiyo na milango, ambamo kila mkazi huingia popote bila kubisha hodi. Lakini programu moja ikikosea, iliweza kuharibu data za nyingine. Mashine nzima ilisimama, na kazi isiyohifadhiwa diskini ikapotea.

Prosesa ya Intel 80386 ya mwaka 1985 ilikuja na kifaa hicho ndani yake, na Motorola 68030 ikafuata mwaka 1987. Hata hivyo, dawa ilikuwa imechelewa kwa Amiga: programu zake zilikwisha kuandikwa kwa kutegemea kumbukumbu ya pamoja, na kuzitenganisha kungezivunja. Kampuni ya Apple nayo ilibidi iuache msingi wake wa zamani, ikatoa Mac OS X mwaka 2001. Mwaka huohuo Windows XP ilipeleka majumbani msingi wa Windows NT.

Basi, mashine ya programu moja yaweza kuishi bila ulinzi huo. Inapobeba programu nyingi za waandishi wasiojuana, ulinzi ni wa lazima. Kilichookolewa mwaka 1985 kililipwa baadaye, tena na watumiaji wenyewe.