Habari za Tuskegee

Mara nyingi husemwa kwamba mtu akimbiaye sindano ni mjinga. Sisi twaona si haki kumwita hivyo kabla ya kuuliza yeye na baba zake walitendewa nini. Basi tumeona vema kueleza hapa habari za watu weusi wa Marekani, maana makanisa na shule pia vimo ndani yake.

Mwaka 1932 madaktari wa serikali walifika Tuskegee, katika jimbo la Alabama, kwa wakulima maskini wa pamba. Waliwachagua wanaume weusi 600: 399 wenye kaswende, na 201 wasio nayo. Watu walikusanywa makanisani na mashuleni, na muuguzi mweusi aliyeaminiwa na wenyeji akawachukua kwa motokaa. Hawakutajiwa jina la ugonjwa, waliambiwa tu kwamba wana “damu mbaya.” Walipewa chakula siku ya kupimwa, na ahadi ya gharama za maziko. Barua nyingine iliwaita waje kutibiwa bure. Kumbe walichomwa sindano ya uti wa mgongo, yakatolewa maji ya kuchunguzwa tu. Kusudi la madaktari lilikuwa kutazama jinsi ugonjwa umlavyo mtu hata afe.

Wako wasemao kwamba walitiwa ugonjwa ule kwa sindano. Si kweli, wala hapana haja ya kutia chumvi, yaliyotendeka yatosha. Kufikia mwaka 1947 penisilini ilikuwa ndiyo dawa ya kaswende, nao walinyimwa. Wake zao wengine waliambukizwa. Mambo hayo yaliendelea miaka 40, mpaka magazeti yalipoyafichua mwezi wa Julai 1972. Rais Clinton aliomba radhi mwaka 1997.

Marcella Alsan na Marianne Wanamaker, walioyachunguza matokeo yake, waliona kwamba baada ya 1972 wanaume weusi wenye umri mkubwa, hasa wakaao karibu na Alabama, walipunguza kwenda kwa daktari, na vifo vyao vikazidi. Lakini tusiitwike Tuskegee lawama yote: hospitali zilizotengwa kwa rangi, na umaskini, navyo viliwazuia wengi.

Huko Los Angeles ilijaribiwa njia nyingine, na habari zake zikatolewa mwaka 2018. Wanaume weusi 319 wenye shinikizo kubwa la damu walifuatwa katika maduka 52 ya vinyozi wao. Palipokuwa na mawaidha ya kinyozi peke yake, kipimo cha juu kilishuka kwa 9. Mfamasia alipokuja dukani mwenyewe na dawa, kilishuka kwa 27.